E Meja Katika Wimbo wa Mke Wangu

Mke wangu aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa moja la mtaa wa Laini Saba kwa miaka mingi kuliko umri wa mtoto wetu wa pili. Kanisa hilo ni la mabati na liko karibu na reli. Garimoshi lilipopita, mwalimu wa kwaya aliuacha mkono wake juu, waimbaji wakashika pumzi mpaka behewa la mwisho limalize kupita. Kisha mkono ulishuka na wimbo ukaendelea kutoka silabi ile ile. Mimi sikuwa mwimbaji. Nilikaa benchi la nyuma, na katikati ya sauti zote zile nilijua ya kwake iko wapi, kama mtu anavyojua swichi ya taa ilipo katika chumba chake mwenyewe.

Kisha akapata uvimbe wa tezi shingoni. Ulikua polepole, naye akaufunika kwa leso mpaka alipoanza kukohoa kila akimeza chai. Alipasuliwa, uvimbe ukatolewa, na jeraha likapona vizuri. Daktari alikuwa ametuambia mapema, bila kuzunguka, kwamba mshipa wa fahamu unaotumikia sauti unapita karibu sana na tezi hiyo, na kwamba sauti za juu huenda zisirudi. Hazikurudi. Sauti yake ya kuongea ilirudi ikiwa nzito kidogo, na asubuhi ina mkwaruzo. Ya kuimba hakuitafuta. Aliacha kwenda mazoezi, na mtu akimuuliza alisema ni kwa sababu tumehama.

Ni kweli tulikuwa tumehama. Mimi hukata vioo vya madirisha katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na steji ya matatu ya Kawangware 56, na baada ya upasuaji yeye hakutakiwa kubeba mitungi ya maji. Tulipata vyumba viwili vya kupanga katika ploti ya wapangaji wengi yenye bomba uani. Ukuta kati yetu na jirani ni mabati yaliyobandikwa mbao nyembamba, kwa hiyo jirani tulimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura: mwanamke kijana anayesuka nywele katika saluni ya barabara kuu na jioni nyumbani kwake, anayecheka kwa nguvu na kukaanga vitunguu kila jioni.

Gitaa lilikuja kwa njia ya kazi. Mteja mmoja alitaka kioo cha kabati, akaniuliza kama ningekubali gitaa badala ya pesa. Nililipokea nikiwa na wazo moja tu kichwani. Kwaya ya watu zaidi ya ishirini haiwezi kushusha wimbo kwa ajili ya mtu mmoja, lakini gitaa linaweza. Kama ningeushusha wimbo mpaka pale sauti yake mpya inapokaa, pengine angeimba, hata kama ni nyumbani tu, hata kama ni akichambua mboga za managu.

Shule niliiacha mapema, na karibu kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe. Hesabu za pembe nilizipata katika vitabu vya mitumba. Umeme wa nyumba niliusoma hivyo hivyo, na Kifaransa kidogo ambacho sijawahi kukitumia. Nina utaratibu wangu: siendi hatua ya pili kabla ya kwanza kukaa. Kwa gitaa nilikuwa na video za simu na kitabu kimoja cha kununua kando ya barabara, ambacho hakikuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Kilieleza vizuri. Sauti tatu au zaidi zikipigwa pamoja, kilisema, huitwa kodi. Kuna kodi za meja, ambazo husikika wazi, na za maina, ambazo husikika kama mtu aliyekumbuka jambo akanyamaza. Niliwahi kumwambia mke wangu kwa sauti kwamba kodi inanisumbua, na jirani akajibu kutoka upande wa pili wa mabati.

"Mzee, hata mimi yangu bado. Lakini ongea polepole, mwenye ploti ako hapo nje."

Kitabu kilisema pia kwamba kila ufunguo wa wimbo una kodi zake chache za kawaida, ambazo wapigaji huziita familia, na kwamba ukikaa ndani ya familia hutapotea. Familia ya A maina, kwa mfano, ni A maina yenyewe, D maina, E maina, kisha C, F na G, hizi tatu zikiwa meja. Nilizijifunza zote mpaka vidole vikawa vigumu nchani. Kwa mtu anayekata vioo, kupoteza hisia nchani mwa vidole si jambo dogo, na kwa muda nilijikuta napima kingo kwa kidole gumba. Lakini nilizishika. Ningeweza kutoka kodi moja hadi nyingine bila kuangalia shingo ya gitaa.

Mwanzoni mke wangu alifanya kama hasikii. Jioni nilikaa kwenye kigoda mlangoni, yeye akiwa jikoni, yaani hatua chache ndani. Kisha siku moja, nikipiga A maina na D maina kwa kupokezana, nilimsikia akivuma mdomo ukiwa umefungwa. Sikugeuka. Niliendelea na kodi zile zile mbili mpaka mkono ukachoka.

Wimbo aliokuwa akiuvuma niliujua. Ulitungwa na mwalimu wao wa kwaya wa zamani, marehemu sasa, na haujawahi kurekodiwa wala kuimbwa mahali pengine. Waliuimba kwa ngoma na kayamba tu, bila chombo chenye nyuzi. Ubeti wake wa kwanza unasema:

*Njia ilikuwa ndefu,*
*nawe ulibeba taa.*

Ulikuwa wimbo wake, kwa maana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiuanzisha. Zamani aliuanza juu sana. Sasa niliutafutia mahali pa chini, nikaona A maina inamfaa: mwanzo ulimkaa vizuri, mstari wa kwanza ulipanda bila shida, akaanza kuyatamka maneno. Kisha tukafika kwenye "ulibeba", nikapiga E maina kama familia inavyotaka, na sauti yake ikakatika. Akakohoa kidogo, akarudia. Ikakatika tena pale pale.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Haiumi. Imekataa tu."

"Tupumzike."

"Hiyo ni koo yangu, Baba. Imeharibika, na daktari alisema."

Tulijaribu siku nyingi baada ya hapo. Nilishusha wimbo zaidi kwa kulegeza nyuzi, nikaupandisha kwa kuzikaza, nikapiga polepole. Sehemu nyingine zote za ubeti huo zilipita. Ilikuwa neno hilo moja. Jirani naye alikuwa ameshalijua, na tukilikaribia alikuwa akinyamazisha redio yake.

"Leo mmekwama tena pale pale," alisema jioni moja.

"Wewe suka nywele," mke wangu akamjibu.

"Nasuka, mathe. Lakini hata mteja wangu amesema hapo kuna shimo."

Wakacheka wote wawili, mmoja kila upande wa bati, lakini niliona mke wangu alivyougeukia moto na kukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

Katika hali hiyo ndipo kiongozi wa kwaya alipopiga simu. Katika kanisa lao, mwanakwaya akihama, wenzake huenda kuifungua nyumba yake mpya. Wanakuja kwa miguu kutoka steji wakiwa wamevaa sare, wakibeba unga, sukari na majani ya chai, wanasali katika kila chumba, na kabla ya sala ya kwanza mwenye nyumba huanzisha wimbo. Si mgeni, si kiongozi. Ni mwenye nyumba. Ndivyo anavyoonyesha kwamba yuko bado, kwamba amehama nyumba tu na si kwaya. Ambaye nyumba yake haikufunguliwa, hata kama hakuna anayemlaumu, jina lake huanza kusemwa kwa wakati uliopita.

Kiongozi alisema wangependa kuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, wiki tatu mbele, baada ya ibada. Mke wangu alisema angempa jibu baadaye. Akaweka simu chini.

"Nitamwambia wasije," alisema.

"Kwa nini?"

"Nitaanzisha nini? Nikae hapo kwenye kiti waniimbie kama mgonjwa?"

"Anzisha wimbo mwingine."

"Wimbo mwingine si wangu." Alinyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa tayari kimenyooka. "Tujaribu hadi Jumamosi hii. Nikikwama tena pale, nampigia simu wasije, na mambo ya kwaya nitakuwa nimemaliza. Na wewe usinibembeleze."

Sikumbembeleza. Namjua. Akisema amemaliza jambo, huwa amemaliza, na hata viti alivyokuwa akikalia katika jambo hilo huvigawa.

Nililifikiria kazini. Ninapokata kioo, kioo hulala juu ya meza iliyofunikwa zulia. Ikitokea vioo viwili au vitatu vinapasuka karibu mahali pale pale, fundi asiye na uzoefu husema shehena hii ni mbovu. Fundi mwenye uzoefu huinua kioo na kupapasa zulia, kwa sababu mara nyingi kuna chembe ya mchanga chini yake, ndogo kuliko punje ya mtama, na kila kioo kikibonyezwa hupasukia hapo. Nilikuwa napapasa zulia asubuhi moja kwa sababu hiyo hiyo, na mkono wangu ukasimama.

Daktari alisema sauti za juu. Lakini ile ya "ulibeba" haikuwa ya juu. Ilikuwa chini, karibu mwanzo kabisa wa wimbo, hatua ndogo tu chini ya ile anayoanzia. Zile za juu zaidi katika mstari wa kwanza alikuwa akizifikia bila kukohoa. Koo lililoharibika kwa juu lilikuwa linavunjika kwa chini, kwenye neno moja, na maneno mengine yote ya kimo kile kile yanapita. Hilo halikuwa na maana. Nilikuwa nimelisikia kila jioni na sikuwahi kuliwaza mpaka nilipokuwa na zulia chini ya mkono.

Jumamosi mchana nilifunga kazi mapema. Jirani alikuwa saluni na ploti ilikuwa kimya isipokuwa bomba. Katika simu yangu kuna programu ya kusawazishia nyuzi za gitaa: ukipiga uzi, inaonyesha herufi ya sauti hiyo na mshale unaosimama katikati ukiwa sawa. Niliweka simu juu ya meza, mbele ya mke wangu, na gitaa nikalilaza kitandani.

"Imba bila mimi," nikamwambia. "Ukifika 'ulibeba', simama hapo, ushikilie."

"Nishikilie nini, na hapo ndipo inavunjika?"

"Acha ivunjike. Nataka kuona inavunjikia wapi."

"Wewe na vioo vyako."

Lakini aliimba. Nilimpa sauti ya kuanzia kwa uzi mmoja tu, kisha nikauzima kwa kiganja. Alipanda mstari wa kwanza, akashuka, akafika kwenye neno lile, akashikilia. Haikuvunjika. Ilisimama palepale ikiwa nyembamba kidogo lakini nzima, na aliendelea kuishikilia huku macho yake yakipanuka, kwa sababu naye alikuwa akingoja ivunjike. Nilitazama simu. Nilitarajia herufi G, ambayo ndiyo sauti iliyo ndani ya E maina. Mshale ulikuwa umesimama kwenye G shapu, nusu hatua juu yake, katikati kabisa.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. G shapu tena. Nikamwomba aimbe ubeti wote na asisimame, na alipopita pale mshale ukaruka G shapu kwa muda mfupi kabla ya kurudi A.

"Hapo unaimba sauti ambayo haiko kwenye kitabu changu," nikasema. "Iko juu kidogo ya G, chini kidogo ya A."

"Si hiyo ni se."

"Se ni nini?"

"Se." Akaimba, kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango: "La, se, la. Mwalimu alikuwa anaiandika ubaoni. Akisema msishuke hadi so hapo, wimbo utalala."

Inafaa nieleze kwamba kwaya yao husoma muziki kwa do, re, mi. Hakuna kati yao aliyejua herufi zangu, na mimi sikuwahi kujifunza majina yao. Tulikuwa tumeishi katika chumba kimoja na lugha mbili za jambo moja.

"Ulijua muda huu wote," nikasema. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza inaitwaje. Kila tukifika hapo wewe unaniuliza kama inauma."

Nililichukua gitaa kitandani. E maina ina sauti tatu: E, G na B. Yeye alikuwa anaimba G shapu, mimi nikipiga G chini yake. Sauti mbili zilizokaribiana hivyo zikipigwa pamoja hukwaruzana, na mwimbaji aliyetoka kupasuliwa shingo akisikia mkwaruzo mahali anapoimba, atadhani unatoka kwake. Basi ilibidi G yangu iondoke na G shapu ikae mahali pake. E, G shapu, B. Hiyo ni E meja. Haikuwa katika familia ya A maina niliyoikariri. Labda kurasa za mwisho za kitabu zilieleza kwamba kodi hii moja huruhusiwa kuingia, lakini kurasa hizo sikuwa nazo, na nilikuwa nimeishika sheria bila kujua kwamba imekatwa katikati.

Kinachoshangaza ni udogo wa tofauti yenyewe. E maina hushikwa kwa vidole viwili. E meja ni vidole vile vile, mahali pale pale, na kidole cha kwanza kikiongezwa juu ya uzi wa tatu karibu na kichwa cha gitaa. Hakuna kingine kinachosogea. Niliweka kidole, nikapiga. Peke yake, kodi hiyo ilisikika wazi mno kwa wimbo kama ule, karibu niseme ya furaha isiyo na adabu. Kisha nikaipiga baada ya D maina na kabla ya A maina, na hapo ikawa jambo tofauti kabisa. Haikuonekana kufurahi wala kuhuzunika. Iliegemea mbele, ikitaka A maina ije, na A maina ilipokuja ilikuwa imekaa kuliko ilivyowahi kukaa chini ya vidole vyangu.

"Imba," nikasema.

Aliimba. Kwenye "ulibeba" nilichelewa kidogo, kwa hiyo alifika kabla yangu, nami nikaingia chini yake, na sauti yake ikaketi juu ya kodi kama sufuria juu ya mafiga. Alipita. Akaenda mpaka "taa" na kuendelea hadi ubeti wa pili, ambao hatukuwahi kuufikia tangu tuhamie Kawangware. Alimaliza. Aliweka mkono kwenye kovu lake, si kama anayesikia maumivu, bali kama unavyomgusa mtu uliyemsingizia.

"Kumbe haikuwa yeye," akasema.

Jirani alikuwa amerudi bila sisi kujua.

"Kwani leo imepita?" akauliza kupitia ukutani.

"Imepita," mke wangu akasema.

"Basi mniache sasa nisikilize redio yangu kwa amani."

Jioni hiyo mke wangu alimpigia simu kiongozi wa kwaya akamwambia waje.

Kilichobaki kilikuwa tatizo langu. Niliwahi kuamini kwamba ukijua kosa umelimaliza. Kwa mkono si hivyo. Nilikuwa nimeikariri E maina kwa bidii kiasi kwamba vidole viwili vilikwenda mahali pake vyenyewe na cha kwanza kikabaki hewani, kikijipumzisha. Kichwa kiliagiza E meja, mkono ukaleta E maina, na mke wangu akisikia G tu alisimama na kunitazama. Nilifanya mazoezi kazini kwenye ukingo wa meza, nikibonyeza mbao kwa vidole vitatu, D maina, E meja, A maina, wateja wakisubiri vioo vyao.

"Fundi anapiga piano," mwenzangu wa kazi alimwambia mteja mmoja. "Ukitaka dirisha lako likuje na wimbo, sema mapema."

Kufikia wiki ya wageni kidole kilikuwa kimeanza kutii, mradi nianze kukiwaza tangu neno "nawe". Nilijua mahali pa kukiwazia. Nilikuwa tayari, kwa kiwango ninachokubali kuita tayari.

Walikuja Jumapili hiyo wakiwa wengi kuliko viti vyetu, sare zao za zambarau zikiwa na vumbi la njia kutoka steji. Jirani alikopesha benchi na vikombe, kisha akakaa mlangoni kwake mtoto wa mteja akiwa mapajani, akisema yeye yupo tu. Walisalimiana kwa muda mrefu. Waliangalia shingo ya mke wangu na kusema kovu limekuwa zuri, na mmoja akasema amenenepa, jambo ambalo lilimfurahisha. Kisha kiongozi akasimama, wengine wakasimama, chumba kikajaa, na wote wakamtazama mwenye nyumba. Mimi nilikuwa kwenye ukingo wa kitanda na gitaa langu, kidole cha kuanzia juu ya uzi, nikingoja kumpa A.

Hakuningoja. Sijui kama alisahau au kama mbele ya watu wake hakuona sababu ya kuomba sauti kwa mtu. Alivuta pumzi na kuanza pale koo lake lilipojisikia kuanza, na hapo palikuwa chini ya A kwa hatua nzima. Nilitambua mara moja. Wimbo ulikuwa katika G maina, na kila nilichokuwa nimekifanyia mazoezi kilikuwa mahali pengine. Kodi yangu moja niliyoitafuta kwa jasho haikuwa na kazi yoyote chumbani humo. Nililaza kiganja juu ya nyuzi ili zisilie, nikamsikiliza.

Aliimba mstari wa kwanza peke yake, kama desturi ilivyo. Sauti ilikuwa nzito, na wale waliomzoea zamani walitazamana haraka. Kwenye mstari wa pili wengine walitakiwa kuingia. Nilianza kuwaza kidole changu kwenye neno "nawe", kwa mazoea tu. Kisha wakaingia wote, sauti za wanaume chini, sauti ya pili katikati, na kwenye "ulibeba" yeye akaiweka se yake bila kutikisika. Na chini ya hiyo se, wakiwa hawana habari ya familia wala kitabu, watu wale walisimamisha meja nzima. Kwa kuwa alianzia chini zaidi, jina lake hapo lilikuwa D meja. Walikuwa wakiiimba hivyo pale karibu na reli kwa miaka yote niliyokaa benchi la nyuma, nikitafuta sauti moja tu katikati yao.

Waliimba beti zote. Waimbaji wa sauti ya kwanza ilibidi washuke hadi mahali ambapo hawakuwa wamezoea, na mmoja wao alinguruma kidogo, lakini hakuna aliyejaribu kuupandisha wimbo. Kisha wakasali, chumba kwa chumba, ambayo ni kazi fupi kwa vyumba viwili.

Wakati wa chai kiongozi alimketisha mke wangu karibu naye.

"Mazoezi ni Alhamisi," alisema. "Utakaa na sisi sauti ya pili."

"Sauti ya pili mnaimba kama watu wanatafuta kiatu chini ya kitanda."

"Ndio tunakutaka. Ukuje utuonyeshe kiatu kiko wapi."

"Nitafikiria," alisema mke wangu, akamwongezea chai mpaka kikombe kikafurika kwenye sahani.

Mmoja wa wanaume akaniuliza kama gitaa ni la mapambo. Nikamwambia kwamba wimbo umeanzia mahali ambapo sijafika bado. Akacheka, akidhani natania.

Alhamisi mke wangu alivaa viatu vya kutembelea mbali, akajaza maji ya uvuguvugu kwenye chupa, akaniambia mboga ziko kwenye sufuria na nisimngojee. Nilikula, nikaosha vyombo, nikakaa kwenye kigoda na kufungua video ya G maina. Ni kodi ngumu kwa mtu wa kiwango changu: kidole cha kwanza hulala juu ya nyuzi zote sita kwa pamoja, na lazima zote zilie. Zangu mbili zilikuwa bado zimekufa chini ya kidole niliposikia lango la ploti. Alikuwa anakuja uani akiimba sauti ya pili ya wimbo ule, ambayo hakuwahi kuihitaji maishani mwake. Alikosea katikati, akasimama karibu na bomba, akarudi mwanzo wa mstari, akaanza tena.